Muuguzi Aliyekataa Kuandika "Hakutulia"

Kitabu cha Chumba Namba Nne kina jalada gumu la buluu na pembe zilizokwisha kuliwa na vidole. Kila ukurasa una safu saba: tarehe, jina, umri, sababu ya kipimo, daktari, kilichoonekana, na ya mwisho, nyembamba kuliko zote, maelezo. Kipimo kikienda salama, safu hiyo ya mwisho huachwa wazi. Kikishindikana, huandikwa neno moja: "Hakutulia."

Hakuna aliyewahi kuamuru neno hilo liandikwe. Kila muuguzi aliyehamishiwa chumba hicho alilikuta humo, akalirithi pamoja na funguo za kabati. Mgonjwa alilia, hakutulia. Mpira ulikwama kwenye kona ya kwanza, hakutulia. Mwaka mmoja umeme ulikatika katikati ya kipimo, jenereta ikagoma kuwaka, na bado mtu alichukua kalamu akaandika kwamba mgonjwa hakutulia.

Kwa miaka saba sasa kuna mwandiko mmoja kitabuni ambao neno hilo halimo. Ni mwandiko wa mviringo, ulioinama kidogo kushoto, wa muuguzi msimamizi wa chumba. Ana miaka hamsini na minne, mwili mwembamba, miwani iliyofungwa kamba shingoni, na jina la kazini ambalo hakulichagua. Wanamwita Shikilia. Jina lilitoka kwa madaktari, ambao kwa miaka ishirini wamekuwa wakimwambia maneno yale yale: "Shikilia hapo, Sista. Shikilia. Usiachie."

Kinachoshikiliwa ni tumbo la mgonjwa. Kipimo cha utumbo mpana watu hawapendi kukitaja mezani, lakini si kigumu kukieleza. Mpira unaokaribia urefu wa mtu mzima, wenye taa na kamera nchani, huingizwa kwa njia ya haja kubwa na kusukumwa taratibu mpaka mwisho wa utumbo. Shida ni kwamba utumbo haukunyooka kama bomba. Una kona, unaning'inia, unateleza. Daktari akisukuma, mara nyingine ncha haisogei hata kidogo, ila mpira unajikunja humo ndani kama kitanzi na kuuvuta utumbo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Mkono ukiwekwa juu ya tumbo mahali panapotakiwa, kwa uzito unaotakiwa, kitanzi hukosa nafasi na ncha huenda mbele. Shikilia anajua mahali hapo kama mpishi anavyojua chumvi.

Lakini mkono una mipaka yake, na yeye ndiye wa kwanza kuitaja. Alijifunza mipaka hiyo juu ya kitanda kile kile.

Miaka saba iliyopita dada yake mkubwa alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, na ndugu wote walishauriwa kupimwa. Shikilia alipanda kitanda siku ya kazi, kati ya mgonjwa wa tatu na wa tano. Alikataa dawa ya usingizi. "Nataka kujua ninachowafanyia watu," alimwambia daktari wa wakati ule. Mpira uliotumika ulikuwa mnene, wa kawaida. Ulikwama kwenye kona ya kwanza, chini ya kovu la upasuaji aliofanyiwa alipotolewa kizazi. Daktari alisukuma, akarudi, akasukuma tena. Shikilia aliuma shuka na kuhesabu vigae vya ukutani. Vilikuwa sitini na vinne. Hakusogea. Baada ya dakika ishirini daktari alisema inatosha.

Siku mbili baadaye alikifungua kitabu kutafuta habari za mgonjwa mwingine, akakutana na jina lake. Kwenye safu ya mwisho palikuwa na lile neno, kwa mwandiko wa mwenzake wa karibu, ambaye walikuwa wakila pamoja kila mchana.

"Mimi sikutulia?"

"Aa, shoga," mwenzake alisema, akiangalia pembeni. "Ni mazoea tu. Mkono uliandika wenyewe."

Hawakusemeshana wiki tatu. Wiki ya nne Shikilia alinunua daftari la shule lenye kurasa mia mbili na akalipeleka nyumbani kwa mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye alimpigia mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Tangu hapo, kila mgonjwa anayepita chini ya mkono wake huandikwa mara mbili. Kwenye kitabu cha buluu huandikwa anachotaka kujua mkuu wa hospitali. Kwenye daftari huandikwa anachotaka kujua Shikilia: mgonjwa ni mwembamba au ana kitambi, ana kovu tumboni au hana, alikunywa dawa ya kusafisha tumbo yote au nusu na saa ngapi, alipimwa kwa mpira upi, alilala ubavu gani, waliingiza hewa au maji, na mpira ulifika mwisho kwa dakika ngapi. Majina hayamo.

Mtu wa kwanza daftarini ni yeye mwenyewe. Wa thelathini na sita pia ni yeye. Miezi miwili baada ya kushindikana alirudi kitandani, na safari hiyo alimwomba daktari atumie mpira mwembamba uliokuwa umenunuliwa kwa ajili ya watoto. Ulifika mwisho kwa dakika tisa. Utumbo ulikuwa safi.

Mpira huo mwembamba ndio ambao chumba kizima kinauita Bibi.

Daftari limemfunza mambo ambayo hayakuwa kwenye mafunzo yake ya uuguzi. Karatasi ya zamani ya maelekezo iliwaambia wagonjwa wanywe dawa yote jioni. Safu ya dawa ikaonyesha kwamba walioigawa nusu jioni na nusu alfajiri walikuja na utumbo unaoonekana, na waliokunywa yote jioni walikuja na matope. Shikilia akaichapa upya karatasi bila kumwomba mtu ruhusa. Iligunduliwa baada ya mwaka, na kufikia hapo hakuna aliyetaka kurudi kwenye ya zamani. Maji badala ya hewa yalipunguza vilio. Wanaume wenye vitambi walipita vizuri kwa mpira mnene. Kwao Bibi alijikunja kama uzi uliolowa. Wanawake wembamba wenye kovu chini ya kitovu walikuwa kinyume chake. Kwa mpira mnene, kati ya thelathini na wanane, kumi na wanne hawakufikiwa mwisho. Kwa Bibi, kati ya arobaini na mmoja, watatu.

"Mke wangu, hao ni wachache," mumewe humwambia kila anapomjumlishia. "Na nyinyi ndio mliochagua nani apewe mpira gani. Huwezi kwenda kwa wakubwa na watu thelathini na wanane ukasema umevumbua jambo."

"Wachache kwako, Mwalimu. Mimi nimewashika matumbo mmoja mmoja."

"Tumbo si ushahidi."

"Mbona lako ni ushahidi wa kila kitu unachokula?"

Mwalimu huinamia rula yake na kuendelea.

Mwaka huu hospitali ilipata mpira mpya. Ni mnene, mrefu, mgumu kidogo kuliko wa zamani, na picha yake ni safi hivi kwamba mishipa ya damu inahesabika. Ulifika ndani ya sanduku lenye sponji, ukapigwa picha na mkuu wa hospitali, na kabla ya saa sita mchana wafanyakazi walikuwa wameshaubatiza Bwana Harusi. Ulikuja pamoja na daktari bingwa mpya, kijana wa miaka thelathini na sita, mwepesi wa mikono, mwenye adabu, na mwenye imani kubwa na vitu vipya. Wiki mbili baadaye alikuja pia afisa vifaa na fomu mkononi.

"Mama, weka saini tu. Hapa na hapa."

"Ya nini?"

"Kwamba mpira mwembamba umechakaa, uondolewe."

"Umechakaa wapi?"

"Una miaka kumi na miwili. Utaratibu unasema mwisho kumi."

"Mimi nina hamsini na minne. Utaratibu unasemaje kuhusu mimi?"

"Wewe una barua ya ajira, Mama."

Shikilia alimshika mkono wa shati akampeleka kwenye chumba cha kuoshea. Akajaza beseni, akaufunga mpira kwenye pampu ndogo, akaujaza hewa na kuuzamisha wote. Mpira uliotoboka hata tundu la ncha ya sindano hutoa viputo. Walisimama pale dakika tano wakitazama maji. Bibi hakutoa kiputo.

"Picha yake ina ukungu," afisa vifaa alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Ina ukungu kidogo. Inafika."

Afisa vifaa alifanya alichoweza: alibandika lebo nyekundu yenye maandishi USITUMIKE kwenye shingo ya mpira na kuiacha fomu mezani. Lori la bohari, alisema, lingekuja Alhamisi saa tano kubeba vyote vilivyofutwa. Bila saini ya msimamizi wa chumba mpira usingepakiwa, lakini bila lebo kutolewa usingetumika pia. Alimwomba afikirie.

Daktari naye alimwomba kwa upole. "Sista, Bwana Harusi anafanya kila kitu alichofanya Bibi, na zaidi. Umeiona picha."

"Nimeiona, Daktari. Nzuri sana. Picha nzuri za kona ya kwanza tumeshapiga nyingi."

"Umemzoea tu huyu Bibi."

"Ungetaka kumtoa Bwana Harusi pia nisingesaini," alijibu. "Wenye vitambi ningewapitisha na nini?"

Siku ya Jumatano orodha ya kesho yake ilibandikwa mlangoni. Wa nne katika orodha alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na minane ambaye jina lake Shikilia alilikumbuka kutoka kitabuni. Alikuwa akitoa damu kwa miezi kumi na minne. Alikuwa ameshapimwa mara mbili katika chumba hicho, mara ya kwanza na daktari aliyehama, mara ya pili na huyu mpya kwa Bwana Harusi, siku ambazo Shikilia hakuwa zamu. Mara zote mbili mpira haukuvuka kona ya kwanza. Chumba Namba Nne hakina jaribio la nne. Akishindikana tena, jina lake lingefutwa kwenye orodha na kupelekwa wodi ya upasuaji, ambako tumbo lingepasuliwa kutafuta kitu ambacho pengine hakipo. Kwenye kitabu cha buluu, Machi na Juni, safu ya mwisho ilikuwa imeshajazwa.

Shikilia alimhamisha kutoka wa nne kuwa wa kwanza, ili apimwe kabla ya saa ya lori. Kisha, Alhamisi saa moja asubuhi, kabla daktari hajafika, aliufungua mlango wa kabati akamtoa Bibi na lebo yake, akamwosha, akamzamisha kwenye dawa kwa muda wote unaotakiwa, akampima viputo na kumrudisha. Kufikia hapo hakuwa amevunja kanuni yoyote. Lebo ilikataza kutumia, haikukataza kuosha.

Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la korido pamoja na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye mkoba mkubwa na sauti iliyofika dirisha la famasi.

"Wifi, leo usituaibishe," wifi alikuwa akisema. "Kaka yangu ananipigia simu kila dakika kuuliza kama umeshaanza kelele."

"Mwambie kaka yako aje alale yeye."

"Kaka yangu? Huyo kwa sindano tu anashikwa na watu wanne."

"Ehe. Na mimi ndiye mwoga."

"Mwoga sikusema. Nilisema mwembamba. Tulimwambia kaka yetu, huyu ukimsimamisha ubavu huoni kitu, akasema ndiye huyo huyo."

Shikilia alikaa katikati yao na daftari lake. "Mama, dawa umekunywa yote?"

"Yote. Nusu jana jioni, nusu alfajiri, kama karatasi ilivyosema. Kilichotoka mwisho kilikuwa kama maji ya bomba."

"Amehamia chooni tangu jana," wifi alisema. "Tulikaribia kumpelekea godoro."

"Umewahi kupasuliwa tumbo?"

"Mara mbili. Mtoto wa mwisho, halafu nikatolewa kizazi."

"Ulipokuja zile mara mbili, uliulizwa hilo?"

Fundi alimtazama. Ni mwanamke mwenye macho ya kupima, yanayotua begani kwako kabla ya kutua usoni. "Niliulizwa kama ni mwoga," alisema. "Nimezaa watano, Sista. Wanne nyumbani. Lakini hapa mmeniandika sikutulia. Nililisoma kwenye kitabu chenu nikiwa nafunga vifungo. Wateja wangu miaka thelathini naandika vipimo vyao daftari limewageukia wao, upande wa pili wa meza. Maandishi yaliyopinduka nayasoma kama yaliyonyooka."

Shikilia alifungua daftari. Aliandika mbele ya namba elfu moja mia nne na kumi na tatu: mwembamba, makovu mawili, dawa yote.

Daktari alianza na Bwana Harusi. Haikuwa ubishi, kanuni ilimwachia mpira huo mmoja. Fundi alilala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, amechomwa dawa nyepesi ya kutuliza ambayo ilimlegeza mikono bila kumnyamazisha. Mkono wa Shikilia ulikuwa tumboni kabla haujaombwa. Mpira uliingia vizuri, ukafika kwenye kona, ukasimama. Kwenye skrini palikuwa na ukuta wa waridi, mng'avu, unaohesabika mishipa.

"Shikilia hapo, Sista."

"Nimeshikilia."

"Chini kidogo."

"Niko chini. Hapa ndani pamegandana na kovu, Daktari. Nasikia mpira unavyokuja kwenye kiganja badala ya kwenda mbele."

Daktari aliurudisha nyuma, akaunyoosha, akajaribu tena. Alikuwa na mikono mizuri, na hilo Shikilia aliliandika baadaye kwenye daftari kwa haki yake. Wakamlaza fundi chali. Wakarudi ubavu. Jasho lilimtoka fundi kwenye mdomo wa juu.

"Sijasogea," alisema. "Semeni kwa sauti kwamba sijasogea."

"Hajasogea, Daktari."

"Naona, Sista."

Dakika ya kumi na nne aliutoa mpira wote na kuuweka kwenye trei. Nje, kwenye uwanja wa nyuma, lori la bohari lilikuwa limeshafika mapema na dereva alikuwa akipiga honi.

"Bibi yuko kabatini," Shikilia alisema. "Nimemwosha saa moja. Hana kiputo."

"Ana lebo nyekundu."

"Lebo nimeiona."

"Kikitokea chochote, Sista, chochote kabisa, lebo ile ndiyo itakayosomwa kwanza. Kwako na kwangu."

Sauti ilitoka kitandani, nzito kidogo kwa dawa. "Huyo Bibi ni nani?"

"Ni mpira mwingine, mama," daktari alisema. "Mzee, ila mwembamba. Umekatazwa kutumika kwa sababu ya umri."

"Umeharibika?"

Daktari alimtazama Shikilia, kisha akasema kweli. "Hapana."

"Basi mzee, mwembamba, na mnataka kumtupa akiwa mzima. Mleteni. Tutaelewana."

Shikilia alifungua kabati. Aliishika lebo nyekundu kwa ncha ya ukucha, akaibandua polepole isichanike, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuiweka aliibandika kwenye mkono wa gauni lake la kazi, juu kidogo ya kiwiko. USITUMIKE. "Sasa iko kwangu," alisema. "Endelea, Daktari."

Daktari aliitazama ile lebo muda mrefu kuliko ilivyostahili kusomwa. Halafu akabadilisha glavu.

Waliingiza maji badala ya hewa, ili utumbo usivimbe na kona zisizidi kukaza. Picha ilikuwa na ukungu, kama dirisha la jikoni. Kwenye kona ya kwanza Bibi aligusa ukuta, akasita, akapinda pale ambapo Bwana Harusi hakuweza kupinda, akapita. Wakamgeuza fundi chali, kisha ubavu wa kulia. Mara mbili mpira ulianza kujikunja, na mara zote mbili kiganja cha Shikilia kilikuwa kimeshafika.

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Usiachie."

"Mimi niachie?"

Dakika ya kumi na moja walifika mwisho. Walipokuwa wakirudi nyuma, upande wa kulia, mahali ambapo mipira miwili iliyotangulia isingefika kamwe, palikuwa na kinyama chekundu kilichokaa juu ya shina fupi, ukubwa wa kifungo cha shati. Kilikuwa kikitoa damu hata wakati huo. Daktari alikizungushia waya mwembamba, akakikata, akakinyonya kwa mpira na kukiweka kwenye chupa ya maabara.

"Mmeona nini?" fundi aliuliza.

"Kilichokuwa kinakutoa damu, mama. Tumekitoa."

"Kikubwa?"

"Kama kifungo."

"Cha shati au cha koti?"

"Cha shati."

"Afadhali."

Alipumzika saa moja na nusu. Kisha, badala ya kuelekea mlangoni ambako wifi alikuwa ameshabeba mkoba, alikwenda kwenye meza ya Shikilia na kusimama mbele ya kitabu cha buluu.

"Nataka Machi na Juni zirekebishwe."

Daktari alikuwa akiandika maelezo ya siku hiyo. "Mama, hicho ni kitabu cha ndani. Hakuna anayekisoma."

"Mimi nilikisoma. Daktari, mwanangu, mimi nashona nguo. Nikimpima mteja vibaya, gauni likamkwama mabegani, halafu nikamwambia kwamba kitambaa hakikutulia, atanifanya nini?"

"Atakutupia usoni," wifi alisema kutoka mlangoni.

"Basi."

Daktari alikivuta kitabu. Kisha akafungua Juni, akapiga mstari mmoja juu ya neno kama kanuni inavyotaka, ili cha chini kiendelee kusomeka, na kando yake akaandika: "Mpira haukumfaa." Akaweka saini. Akaugeuza ukurasa mpaka Machi, na hapo akasita.

"Huu si mstari wangu. Mwenyewe alishahama."

"Mgonjwa hajahama," Shikilia alisema.

Akaurekebisha na huo.

"Na wewe nenda kwa kaka yako," fundi alimwambia wifi yake walipokuwa wakitoka, "umweleze vizuri nani alikuwa mwoga."

"Nitamwambia. Ila wifi, kifungo chenyewe cha shati tu? Kelele zote zile kwa cha shati?"

"Nilipiga kelele?"

Wifi aliuhamishia mkoba bega la pili. "Hukupiga," alisema.

Afisa vifaa alikuja saa sita kasoro. Lori lilikuwa limeshapakia viti viwili vya magurudumu visivyo na magurudumu na jokofu moja. Aliichukua fomu mezani, akaona mahali pa saini ni peupe, akainua macho akaona mkono wa gauni.

"Mama. Hiyo lebo."

"Nipakie basi."

"Gari ni la vyuma tu, Mama," alisema kwa huzuni, na akaenda zake.

Majibu ya maabara yalitoka baada ya siku kumi na sita: kinyama kilikuwa hakijageuka kuwa saratani. Fundi atarudi baada ya miaka mitatu. Daktari alimwandikia mkuu wa hospitali barua ya kurasa mbili akiomba Bibi abaki, na aliambatisha jumla za daftari zilizopangwa upya na Mwalimu, ambaye alikataa katakata kuzitoa nyumbani mpaka chini yake iandikwe kwamba watu ni wachache na hawakugawanywa kwa kura. Bibi amepewa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba azamishwe na kupimwa viputo kila asubuhi. Shikilia aliposomewa sharti hilo alivaa miwani, akaisoma barua mwenyewe, akauliza wanadhani alikuwa akifanya nini kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili.

Yeye alipewa barua ya kujieleza kwa kosa la kuondoa lebo ya usalama bila idhini. Alijibu siku hiyo hiyo kwa sentensi moja: "Niliiondoa kwa sababu mgonjwa alikuwa amelala kitandani na mpira unaomfaa ulikuwa mzima kabatini." Utawala ukairudisha, ukimtaka aongeze kwamba anajutia kitendo hicho na anaomba radhi. Aliichapa upya, sentensi ile ile, karatasi mpya, akapeleka. Ikarudishwa mara ya pili, na safari hii maneno ya radhi yalikuwa yamechapwa tayari chini ya sentensi yake, pameachwa mahali pa saini tu.

Barua hiyo imo ndani ya daftari, kati ya namba ya fundi na inayofuata, na lebo nyekundu imebandikwa juu yake. Mahali pa saini ni peupe. Kila mwanzo wa mwezi karani wa utawala hupita Chumba Namba Nne kuuliza kama iko tayari.

"Bado," Shikilia humjibu, bila kuondoa mkono tumboni mwa mtu.